Daraja la Mostar: likijengwa upya ndo lile lile?

Juzi barazani Mji Mkongwe, Zanzibar, tulikuwa tunazungumza habari ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani, iloporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020, mzee mmoja fundi wa chokaa akasema jengo likianguka limekufa, utakalosimamisha baadae ni jengine. Mie moja kwa moja nikakumbuka daraja la Mostar kule Bosnia.

Daraja lile lina tao moja tu la mawe juu ya mto Neretva. Mimar Hayruddin, fundi wa Kiothmani, alilimaliza 1566, likakaa miaka 427 mpaka 9 Novemba 1993, kwenye vita vya Bosnia, mizinga ya Wakroati wa Bosnia ikalidondosha mtoni. Lilipojengwa tena likafunguliwa Julai 2004.

Sasa mzee ana hoja, tena nzito. Wapiga mbizi walizamia wakayatoa mawe ya zamani lakini hayakufaa tena kubeba, ikabidi yakatwe mapya. Na mji wenyewe bado umegawika, Wakroati wengi magharibi na Waislamu wengi mashariki, na tena mstari wa vita ulikuwa barabara kubwa iliyopo magharibi ya mto, sio mto wenyewe, kwa hivyo hata ukivuka daraja hujavuka mpaka ule unaowauma watu.

Lakini mie siko nae. Jiwe walilotumia ni la aina ile ile, tenelija, la huko huko kwao, na yakafungwa kwa vyuma vilivyomiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa kama alivofanya Hayruddin, yani mafundi walilazimika kuisoma upya kazi ya karne ya 16 mpaka mikono yao ikaijua. UNESCO walipoliingiza kwenye urithi wa dunia 2005 waliangalia maana yake, sio ukale wa mawe.

Halafu tujiangalie wenyewe. Beit al-Hukm, jumba la sultani wa Zanzibar, ilipigwa na manowari za Waingereza 27 Agosti 1896, chini ya saa moja kazi imekwisha, na haikujengwa tena. Muulize kijana yoyote pale Forodhani ilikuwa wapi.

Nilimuuliza yule mzee, wangapi wamebaki wanaojua kuchoma chokaa kama alivofundishwa yeye? Akaanza kuhesabu vidole vya mkono mmoja, hakuvimaliza.