Pima sufuria kabla hujapima uzito

Ingia jiko lolote la Dodoma saa moja usiku, iwe mtaa wa Nkuhungu au wa Kisasa, utakuta vyombo viwili. Kuna sufuria kubwa ya ugali, ile ambayo msongaji lazima aibane ili isizunguke, na pembeni yake kuna kisufuria cha mboga ambacho mtoto wa chekechea anakibeba kwa mkono mmoja. Mboga imepikwa iwe ya kusukumia ugali tu. Baba akikutwa na kisukari, au mama akiambiwa damu ni ndogo, familia inakimbilia supamaketi kutafuta shayiri ya pakiti na mafuta ya zeituni. Mimi naona pa kuanzia ni hivyo vyombo viwili.

Hesabu yake si ngumu. Familia ya watu watano, wakubwa wawili na watoto watatu wanaosoma, husonga kama kilo moja ya unga kwa mlo mmoja. Shusha hadi gramu 700. Ukiishia hapo watu watalala njaa, na keshokutwa mmerudi kwenye kilo, kwa hiyo pengo hilo lizibwe: nusu kilo ya maharage, kunde au choroko kavu igawanywe milo miwili, na mboga za majani ziwe mafungu matatu badala ya moja. Majani yanasinyaa motoni. Fungu moja la mchicha kwa watu watano ni pambo.

Unga wenyewe nao una maneno. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kiini na pumba vimebaki, na humo ndimo kuna nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Lakini kiini hicho hicho kina mafuta, na mafuta yanachacha. Ukisaga debe zima la dona ukaliweka kwenye kiroba stoo, baada ya mwezi linanuka na watoto wanakataa. Saga kidogo kidogo, kilo tano hadi kumi, imalizike ndani ya wiki mbili au tatu.

Uwele ndio unaoonewa zaidi. Watu wanasema ugali wake ni mchungu, na wanaamini uchungu ni wa nafaka. Mara nyingi uchungu huo ni wa unga uliokaa. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi tunazosaga, na ukishasagwa huanza kuharibika ndani ya siku chache. Ukinunua unga wa uwele sokoni hujui umesagwa lini. Nunua punje, pepeta, peleka mashine kilo mbili, maliza ndani ya wiki. Kwa mtama, chagua mweupe kama mbegu ya Macia. Mwekundu una ukakasi unaozuia mwili usifyonze madini ya chuma vizuri.

Kwa nyumba iliyozoea sembe, usibadilishe siku moja. Anza na sehemu mbili za dona kwa moja ya mtama au uwele, halafu geuza taratibu. Kosa la wengi ni kusonga mtama kama sembe: maji yakichemka wanamwaga unga na kusonga papo hapo, ugali unatoka wa chengachenga na haushikani. Koroga uji kwanza, uache uchemke dakika tano hadi saba mpaka utoe mapovu mazito, ndipo uongeze unga kidogo kidogo. Ukishasonga, punguza moto, funika, uache dakika tano nyingine.

Sasa mboga, na hapa kanda ya kati ina ujuzi ambao watu wa mjini wanauona ushamba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi hiyo mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga yanajiotea mpaka uani. Ikifika Septemba, fungu la mchicha linakuwa dogo na bei inapanda. Wazee walijibu hilo kwa kukausha, na jibu lao bado halijapatiwa mbadala. Kinachohitaji kurekebishwa ni namna ya kukausha. Majani yakianikwa juu ya bati kwenye jua kali yanapoteza sehemu kubwa ya vitamini A, na rangi inageuka kahawia. Ondoa vikonyo vinene, maana ndivyo vinavyobaki na unyevu na kuleta ukungu. Osha mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe. Chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili, toa, chuja. Tandaza juu ya chekeche au wavu, utandu mmoja, kivulini penye upepo. Kwa upepo wa Dodoma siku mbili au tatu zinatosha. Jani likivunjika kwa vidole bila kujikunja, limeiva. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pa giza. Ndoo ya lita 20 iliyojaa Aprili inabeba nyumba kiangazi kirefu.

Halafu magadi. Mlenda bila magadi hauna mvuto, hilo silibishi. Ila magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, sawa na chumvi ya mezani kwa mwenye shinikizo la damu, na yanaharibu baadhi ya vitamini. Kipande cha ukubwa wa punje ya harage kinatosha sufuria ya watu watano. Yeyusha kwenye maji kidogo, acha mchanga utulie chini, mimina ya juu tu. Na ukitia magadi, punguza chumvi. Nyanya na karanga zilizotwangwa ziingie mwishoni.

Maharage yana ugomvi wake na maji yetu. Maji mengi ya visima huku ni ya chumvi na madini, na madini hayo yanafanya ngozi ya harage iwe ngumu. Mtu anachoma mkaa saa tatu, anakata tamaa, anarudi kwenye ugali na dagaa wa kurusha. Loweka usiku kucha, saa 10 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya. Kama una maji ya mvua kwenye tenki, yatumie hapa badala ya kufulia. Nyanya na ndimu visiingie mpaka harage liive, maana uchachu nao unazuia kulainika. Pika ya siku mbili kwa mkupuo mmoja. Yale ya kesho yakipoa yahifadhiwe kwenye friji, na kama hakuna friji, pika ya siku moja tu.

Kuna jambo moja najua litaniletea ugomvi: uji wa lishe. Ule unga wa mchanganyiko wa mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja na kukaa kwenye kopo miezi miwili, naupinga. Karanga na soya zina mafuta, zinachachisha unga wote. Soya isiyoivishwa vizuri inazuia mwili kusaga protini, na uji wa dakika kumi hautoshi kuiivisha. Kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga ni rafiki wa ukungu huo huo. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Ukisaga karanga pamoja na nafaka huwezi tena kuona punje iliyooza. Imeshageuka unga, na anayeila ni mtoto wa miezi minane.

Tenganisha. Unga wa uji uwe wa nafaka moja, ulezi au dona. Karanga zichambuliwe mkononi, punje kwa punje: iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, iliyopasuka, yote nje, na wala usiwape kuku. Zilizobaki kaanga, twanga za siku mbili tatu tu. Uji wa lita moja unatiwa vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizotwangwa laini, na kikombe cha maziwa kama yapo. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, anaweza kupaliwa. Zabibu zetu nazo, kwa umri huo, zikatwe kwa urefu vipande vinne.

Na mtoto mdogo akishindwa kumeza uji mzito, mama wengi wanaongeza maji. Tumbo la mtoto linajaa maji, nguvu hakuna. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, saga. Pika uji wako mzito, uache upoe kidogo uwe wa moto wa kunyweka, tia kijiko kidogo cha kimea, koroga. Baada ya dakika tano hadi kumi utaona uji uliokuwa unasimama na mwiko umelegea kama umetiwa maji, na hujaongeza hata tone. Urudishe motoni uchemke dakika moja au mbili, basi. Kimea hiki kiwe cha ulezi. Machipukizi ya mtama yana sumu.

Vitu vitatu vya dukani vinajipima vyenyewe ukiandika tarehe ya kufungua kwenye pakiti kwa kalamu. Chumvi: mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, na mtoto chini ya hapo. Kwa watu watano, pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 20, mmezidisha, na hapo bado vile vidonge vya kuungia mchuzi. Sukari: kilo moja kwa wiki mbili inatosha kabisa. Kilo kwa wiki ni karibu gramu 29 kwa kila mtu kila siku kabla hajagusa soda, na soda moja ya mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi. Mafuta: lita moja kwa siku kumi. Alizeti ya Singida na Dodoma ni mafuta mazuri, mradi usinunue yale yaliyopangwa kwenye chupa za plastiki kando ya barabara yakipigwa na jua tangu asubuhi. Mwanga na joto vinayachachisha. Mwambie muuzaji akupe ya ndani.

Chai ya rangi isinywewe na mlo wa maharage au mboga za majani. Inazuia chuma kufyonzwa. Isubiri saa moja. Mezani weka ubuyu, wenye vitamini C inayofanya kazi kinyume chake. Vijiko vinane vikubwa vya unga wa ubuyu kwa jagi la lita moja na nusu, maji ya uvuguvugu, koroga, chuja. Ukichemsha umeua vitamini uliyoitafuta. Ubuyu wa pipi, ule mwekundu wa vijipakiti, hauhusiki hapa.

Upande wa mwili kufanya kazi, tuna ugonjwa wa Jumamosi. Klabu za jogingi zimejaa, fulana za rangi moja, kilomita nane, kisha supu, chapati tatu na kinachofuata baada ya supu. Jumapili mpaka Ijumaa mtu anatoka kitandani kwenye basi, basi kwenye kiti cha ofisi kule Mtumba, mji wa Serikali, kiti kwenye sofa. Mwili wa mtu mzima unahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na zinafaa zaidi zikigawanywa dakika 30 kwa siku tano. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa mwendo huo unafika kama kilomita mbili na nusu hadi tatu, yaani kushuka vituo viwili au vitatu kabla ya kwako na kumalizia kwa miguu. Andazi moja njiani linaweza kurudisha yote uliyoyachoma, kwa hiyo usitegemee mguu kufidia mdomo.

Saa nzuri huku ni saa 12 hadi saa 1:30 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Kuanzia Julai upepo wa vumbi ni mkali, mwenye pumu afanyie ndani. Viatu viwe na soli ngumu, mbigili hazichagui. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: ndoo ya lita 10 yenye maji nusu, ikumbatie kifuani, chuchumaa na kusimama mara 10, pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Magoti yakiuma, chuchumaa mpaka usawa wa kiti tu. Watoto wanahitaji saa nzima kila siku, na rede, kamba na chandimu vinaimaliza bila mtu kusimamia, mradi televisheni imezimwa na homuwaki haijajaza jioni yote.

Mizani ya bafuni haina haja. Chukua kamba ya katani, simama ukutani, ikate sawa na urefu wako kuanzia utosini hadi kisigino. Ikunje katikati. Ipitishe tumboni usawa wa kitovu, ukiwa umepumua kawaida, bila kubana. Ncha zikikutana, uko salama kwa kipimo hicho. Zisipokutana, pima pengo kwa vidole, andika ukutani nyuma ya mlango wa jiko pamoja na tarehe, na kamba itundike hapo hapo mpaka mwezi ujao.