Ezekieli 47, Mikindani

Kuokoka niliokoka vizuri tu, bila kelele. Kilichonisumbua ni wito. Kila nikipiga magoti linanijia neno lilelile: vijana. Nami namwambia Mungu, Baba, nipe kupanga viti, nipe hata kulinda jenereta, lakini vijana wa Mtwara mjini, hapana. Wale mahubiri yakirefuka kidogo, mmoja anatoka kwenda msalani, wenzake wote wanakwenda kumtafuta.

Ikafika Jumapili ya ubatizo. Kanisani kwetu kunyunyiziwa hakuhesabiki, lazima uzame mwili mzima. Mchungaji, mtu wa Singida, alipanga iwe saa nne asubuhi, ghuba ya Mikindani. Mimi nimekulia Newala, juu kule uwanda wa Makonde, maji kwetu ni habari ya ndoo na foleni. Kwa hiyo si mbatizaji wala mbatizwa aliyejua kwamba siku za bamvua, saa nne ya asubuhi, bahari ya Mikindani huwa imekwenda zake. Waliojua ni vijana. Wakanyamaza, wakatafuta kivuli, wakakaa.

Tukaacha mifuko ya nguo juu ya jiwe, tukaingia na majoho meupe. Tulitembea. Tope, majani ya bahari, kaa wanatupisha. Maji hayavuki kifundo cha mguu.

"Songa mbele, mtumishi," mchungaji ananihimiza, kiatu chake kimoja kimeshamezwa na tope.

Tukamkuta bibi mmoja anachokoa pweza. Akatutazama juu mpaka chini.

"Mmedondosha nini, wanangu?"

"Tunatafuta maji, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Yanarudi mchana. Subirini."

Mchungaji wetu si mtu wa kukaa bure. Akahubiri palepale. Alianza na Naamani, akapita Yordani, akafika kwa Livingstone aliyeanzia safari yake hapo hapo Mikindani mwaka 1866. (Safari ambayo hakurudi hai. Mfano huo haukunisaidia sana.) Katikati ya Livingstone nikahisi maji magotini. Mchungaji naye akahisi. Akapaza sauti: "Ezekieli arobaini na saba! Kwanza vifundo, kisha magoti, kisha viuno!" Kwaya ufukweni ikalipuka kwa wimbo, na bahari, sijui kwa imani au kwa saa yake, ikapanda kweli hadi viunoni. Nikazamishwa. Nikaibuka kiumbe kipya.

Sasa, Ezekieli hakusema lolote kuhusu mifuko. Jiwe halikuonekana tena. Suruali yangu, simu na nauli vilikuwa vimeshika njia ya Msumbiji, na joho jeupe likilowa, ndugu zangu, halina siri. Nilichuchumaa majini mpaka yule bibi akanionea huruma, akafungua kanga yake ya pili, akanitupia. Nikajifunga kiunoni, nikatoka.

Utaratibu wetu aliyebatizwa lazima ashuhudie. Nikasimama mbele ya watu, nikaanza kwa unyenyekevu jinsi nilivyomkimbia Mungu. Vijana wanatikisika kwa kicheko. Nikageuka kumuuliza mchungaji kulikoni, kicheko kikazidi, maana sasa wote waliyaona maandishi vizuri: "Japo sipati, tamaa sikati."

Lakini hakuna aliyeondoka. Nikawaeleza yote, mpaka lile ombi la jenereta, wakauliza maswali hadi jua likapinda: je, Mungu anaweza kumwita mtu asiyetaka? Je, aliyebatizwa akikosa nauli anafikaje mjini? Mwishowe binti mmoja akasimama akasema wao mlezi wamempata, ndiye huyu.

Mzee wa kanisa mmoja akainuka kupinga. Haiwezekani, alisema, mlezi wa vijana akateuliwa amevaa kanga.

"Basi avue," ikajibu sauti kutoka nyuma.

Mzee akanitazama, akalitazama joho, akaunga mkono hoja.