Lita 540 za Kutuliza Akili

Mtu aliyeniambia kwamba kutazama samaki hutuliza akili hakusema uongo. Alichonificha ni kwamba kabla ya kufika kwenye kutazama ni lazima kwanza akili yenyewe ivurugike, ili kiwepo cha kutuliza. Mimi nilikuwa mzima kabisa, ninalala usingizi wangu na kuamka bila jeraha la wembe kidoleni, mpaka siku niliposikia kwamba kuna bwana anauza tangi lake la kioo la kufugia samaki, pamoja na meza yake ya chuma, chujio, hita na taa, kwa bei ya kutupa. Ningekuwa mtu wa kujiuliza maswali, ningejiuliza kwa nini kitu kizuri namna ile kinatupwa. Badala yake nilijiuliza nani atanisaidia kulibeba.

Yule bwana alitupokea kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayeagana na mali yake. Alishika kona moja ya tangi bila kuombwa, akasukuma mlango kwa mgongo, akatuhimiza twende taratibu lakini tusikae sana. Nilipomuuliza kama linavuja, alinitazama usoni na kusema, "Tangu nilitoe maji halijavuja hata tone." Nikaridhika. Jibu hilo nililielewa wiki mbili baadaye, saa nane za usiku, nikiwa nimepiga magoti sebuleni na tochi mdomoni.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 60. Ukizisikia namba hizo ukiwa umekaa, zinaonekana za kawaida. Ukizizidisha unapata lita 540, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na vioo vyake vya unene wa milimita 12 vinakaribia kilo 100, na mchanga nao hauji mikono mitupu, jumla inakaribia kilo 700. Hao ni watu wazima kumi waliosimama pamoja, usiku na mchana, juu ya eneo dogo kuliko mlango. Nilipomweleza mke wangu hesabu hiyo kwa fahari, yeye alikuwa na hesabu yake: kochi la watu watatu lilikuwa limetolewa sebuleni ili kupisha meza ya chuma. "Kwa hiyo samaki watakaa," alisema, "sisi tutasimama."

Kazi ya kwanza ilikuwa kulisugua. Maji yaliyokaa humo miaka mingi yalikuwa yameacha mistari myeupe ya chokaa, migumu kama jino, na sabuni ni marufuku kwa sababu masalia yake huwadhuru samaki. Dawa yake ni siki. Nilisugua kwa siki kwa siku mbili, nyumba nzima ikanuka kama kachumbari, na watoto wakaanza kula chakula chao nje. Nikiwa katika ari hiyo hiyo ya usafi nililifungua chujio pia, nikakuta sifongo zake zimejaa tope la rangi ya kahawia, nikazipeleka bombani na kuzikamua, kuzisugua na kuzisuuza mpaka zikang'aa kama zimetoka kiwandani. Nilijipongeza. Nawaomba mkumbuke pongezi hizo, maana tutazirudia.

Kisha nikalijaza maji. Meza nilikuwa nimeipima kwa jicho, na jicho langu liliridhika, lakini maji hayana upendeleo: tangi lilipofika nusu, upande wa kushoto maji yalikuwa yamepanda kuliko upande wa kulia kwa upana wa kidole kizima. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sakafu yetu imeinama, jambo ambalo ningeweza kuishi nalo hadi uzeeni bila kulijua. Tangi likikaa upande, uzito hulemea kona moja na viungo vya vioo huchoka mapema, kwa hiyo ilibidi niyatoe maji yote kwa ndoo na kuweka vipande vya bati chini ya miguu ya meza. Fundi mmoja alipita akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alisema duniani kuna kifaa kidogo chenye kipovu ndani, kinaitwa pima maji, kinachotosha mfukoni. Mtu mzima hana sababu ya kupima sakafu kwa lita 270.

Kuhusu kuvuja, niseme ukweli kwamba halikuvuja kwa kelele. Lingemwaga maji sebuleni ningelisamehe, maana ningejua moja. Lenyewe lilikuwa linatoa jasho. Kila asubuhi nilikuta kona ya nyuma ina unyevu, ninaupangusa, unarudi, na kila aliyeulizwa nyumbani alisema labda ni mvuke. Usiku ule wa tochi nilibandika vipande vya karatasi laini kwenye kiungo, kimoja chini ya kingine, nikakaa kuvilinda kama mwizi anayemngoja mwizi mwenzake. Kipande cha tatu kutoka chini kilianza kuwa cheusi taratibu katikati, doa dogo kama punje ya mtama, likapanuka, likafika ukingoni, na karatasi ikajibandua yenyewe ikaanguka. Nilipoigusa silikoni ya ndani, ile gundi inayoshikanisha vioo, kwa ukucha, ilikuwa ya manjano na ikafuata ukucha kama ganda la ndizi.

Kumbe silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani. Huwezi kupaka mstari mmoja juu ya mwingine ukaenda kulala. Unatoa maji yote, unakwangua utepe wote wa zamani wa ndani kwa wembe mpaka kioo kibaki kitupu, unapangusa kwa spiriti, ndipo unapaka upya, tena ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Nilikwangua jioni tatu. Kichwa changu kilikuwa ndani ya tangi na sehemu nyingine za mwili zilibaki nje zikiwaelekea wageni. Na silikoni ya aina hiyo inapokauka hutoa harufu gani? Siki. Nyumba ilirudi kwenye kachumbari kwa wiki nzima, na mke wangu akaniuliza, kwa upole ulionitisha, kama samaki wenyewe watanuka hivyo.

Lilipojazwa mara ya tatu halikutoa jasho, nikadhani sasa ni kwenda kuchagua samaki. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba tangi langu halijakomaa. Samaki hutoa amonia, na amonia huwaua samaki hao hao walioitoa. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaweza kuivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huishi zaidi ndani ya chujio, kwenye sifongo, na wakishazoea mahali wanaonekana kwa macho kama nini? Kama tope la rangi ya kahawia. Lile tope. Nilikuwa nimepewa mji mzima wenye wakazi wake na kazi zao, nami nikaupeleka bombani na kuukamua. Kama hiyo haikutosha, maji ya bomba yana klorini, iliyowekwa humo kwa kazi njema ya kuua vijidudu, na kazi hiyo haiulizi kijidudu ni cha nani. Sifongo za chujio husuuzwa ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, basi, na hakuna sifa yoyote anayopewa mtu kwa kuzing'arisha.

Ikabidi nianze moja. Kwa wiki sita nilitunza tangi la maji matupu. Kila siku nilitia matone ya amonia kwa niaba ya samaki ambao hawajanunuliwa, ili bakteria ambao hawaonekani wapate chakula, na jioni nilichota maji kwenye kichupa kidogo cha kioo, nikatia dawa ya kupimia, nikatikisa na kukishikilia karibu na kadi ya rangi. Manjano maana yake amonia hakuna, kijani maana yake ipo. Mtu aliyechora kadi hiyo hana familia, kwani angekuwa nayo angejua kwamba hakuna watu wawili wanaokubaliana manjano huishia wapi na kijani huanzia wapi. Kwetu suala hilo lilipigiwa kura kila siku kabla ya kulala. Wageni walikuwa wakiuliza samaki wako wapi, na nilipojibu kwamba bado, walinipa pole. Mwanangu wa mwisho alichoka kusubiri, akachora samaki mwekundu mwenye miguu minne, akambandika nyuma ya kioo. Nakiri kwamba siku moja nilimtazama samaki huyo kwa dakika kumi na akili yangu ikatulia kidogo.

Siku kadi iliposema manjano kwa kura zote, tulikaa kikao cha kuchagua samaki, na ningependa kusema kwamba kusugua chokaa kulikuwa rahisi zaidi. Kijana wangu mkubwa alitaka oskari, kwa sababu humtambua anayemlisha na humfuata akipita mbele ya kioo. Ni kweli, lakini oskari hufika sentimita 30, humeza kila kinachoingia mdomoni mwake na hupanga upya mawe na mimea kila anapojisikia, na nyumbani kwetu nafasi ya mtu wa tabia hizo tayari ina mwenyewe. Binti yangu alitaka gapi, wale wadogo wenye mikia kama kanga iliyoanikwa. Gapi hazai mayai, huzaa watoto wanaoogelea, takriban kila mwezi, na jike aliyekwisha kukutana na dume huweza kutunza mbegu na kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume kuonekana. Nilipiga hesabu mpaka mwezi wa sita, nikaikunja karatasi.

Mke wangu alitaka samaki malaika wakubwa wenye mapezi marefu, na chini yao kundi la neoni, wale wa mstari wa buluu wenye urefu wa sentimita tatu au nne. Picha hiyo ni nzuri sana kwa muda wote ambao malaika bado ni mdogo. Akikua, neoni si jirani tena, ni kitoweo. Shemeji yangu, ambaye hakualikwa kwenye kikao, alishauri tununue pleko kwa sababu "anasafisha tangi." Pleko wa kawaida huuzwa akiwa na urefu wa kidole na huweza kufika sentimita 40, na samaki wa ukubwa huo huchafua kuliko anavyosafisha. Nilimwambia shemeji kwamba samaki wa namna hiyo tunamfahamu, hata hukaa kwetu wikiendi, lakini nadhani hakunielewa.

Mwishowe waliopiga kura ya mwisho ni maji. Nilipoyapima niliyakuta ni magumu, yamejaa chokaa, na pH yake, kipimo kinachopanda kadiri uasidi unavyopungua, imepita 8, ilhali neoni na malaika asili yao ni mito ya Amazoni yenye maji laini yanayoelekea kwenye uasidi. Ama nibadilishe maji kwa samaki, ama nibadilishe samaki kwa maji, na mimi kubadilisha maji nilikuwa nimechoka. Wanaopenda maji ya chokaa ni wale wa ukoo wa sato kutoka maziwa yetu makubwa. Mbuna wa Ziwa Nyasa wana rangi za kupendeza, ila ni wagomvi kiasi kwamba wafugaji huwajaza wengi kwa makusudi ili mwonevu asipate nafasi ya kumwandama mmoja tu, na huo si utulivu nilioahidiwa. Nikachagua wa Ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470 na maji ambayo pH yake hukaribia 9: samaki wadogo wenye mistari myembamba, ambao huishi na kulea watoto wao ndani ya makombe matupu ya konokono. Dume hafiki sentimita tano. Nilinunua 12 na makombe 40, tukaiacha mifuko yao ielee juu ya maji mpaka joto likalingana, tukawafungulia.

Waliingia ndani ya makombe kwa kufumba na kufumbua. Siku ya pili walitoka kidogo kufanya kazi, na kazi yao ni kuhamisha mchanga: mmoja anachukua mdomo mzima, anaogelea kwa haraka kama aliyebeba siri, anautema mbele, anarudi. Ndani ya wiki mbili walikuwa wamechimba mashimo mpaka kwenye kioo cha chini, na mchanga wote uliotoka humo wameurundika upande wa mbele, ule tunaotazamia. Sasa ninapokaa kwenye kiti (kochi bado liko barazani) ninaona kilima cha mchanga, na nyuma yake ncha za makombe. Kila wiki ninatoa robo ya maji, ndoo saba zinatoka na ndoo saba zinaingia, na kila ninapoyavuta kwa mpira ninayaonja kidogo bila kupenda, kwa ajili ya samaki ambao wakilala wote pamoja wanaenea kwenye kikombe cha chai.

Mama mkwe alitutembelea Jumapili. Aliletewa kiti mbele ya tangi, akavaa miwani yake, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, akainama, akasogea karibu na kioo, kisha akanigeukia kwa heshima zote.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Konokono wako wametulia sana."