Dunia ikisimama, nani anaumia kwanza: sisi wa ikweta au wale wa kule juu?

Ubishi ulianzia kwenye kahawa. Kuna jamaa alikuwa anakumbushia zile habari za Januari 2023 kwamba kiini cha dunia kimeacha kuzunguka, mwenzake akadakia basi kama ndani kumesimama na nje kutasimama tu, ni suala la muda. Hapo kijiwe kikagawanyika. Wa kwanza wanasema siku hiyo sisi huku ikweta ndo tunafyekwa mwanzo, wa pili wanasema wapi, Wazungu ndo wanazama, sisi tunabaki tunaongezewa viwanja. Mi nimekaa nayo hii siku kadhaa nikaona wote wana hoja, ila kila upande unaongelea kusimama kwake.

Hiyo ya kiini tuimalize kwanza. Utafiti ulikuwa wa Yi Yang na Xiaodong Song wa Chuo Kikuu cha Peking, waliangalia mawimbi ya matetemeko yanayopita katikati ya dunia, na hawakusema kiini kimeganda. Chukua bodaboda mbili zinakwenda sambamba Morogoro Road, zote sitini, huyu akimwangalia yule anamuona hasogei, wanaweza hata kurudishiana chenji. Walichosema ni kwamba kiini kilikuwa kinazunguka haraka kidogo kuliko huku juu tulipo, afu kikapunguza mpaka wakawa sawa. Vichwa vya habari vikaandika kimesimama, na sisi tukameza hivyohivyo.

Haya, kambi ya kwanza. Hawa wanaongelea kusimama kwa ghafla, breki ya dharura. Mtu aliyekaa Nanyuki au Mbandaka ya Kongo, pale kwenye ikweta, anabebwa na dunia kwenda mashariki kama kilomita 1,670 kwa saa, wa Dar karibu 1,660, wa London ni kama 1,040, na aliyesimama kwenye ncha ya dunia yenyewe hasafiri kabisa, anageuzwa tu palepale mara moja kwa siku. Sasa ardhi ikisimama ghafla, chochote ambacho hakijashikamana na mwamba kinaendelea na safari. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuweka majani juu yake anajua ukisimama ghafla nini kinatokea. Ziwa Victoria ndo ndoo yenyewe hapo, linamwagika lote upande wa Kisumu, Bahari ya Hindi inatukimbia sisi inakwenda kuivamia Indonesia, na ndugu zetu wa Kongo wanapokea Atlantiki mgongoni, juu ya hayo yote kuna upepo unaokwenda kasi kuliko ndege ya abiria. Ila hii ya kusema tungerushwa angani tukapotelea huko siyo kweli, ili utoke duniani unahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde na sisi hatufiki hata nusu kilomita. Tungeburuzwa tu, chini kwa chini.

Kwa hiyo kwa hesabu kambi ya kwanza wapo sahihi, sisi ndo tunakwenda kasi zaidi. Lakini ushindi wenyewe wa nini, maana kwa kilomita 1,040 London nako habaki mtu wa kusimulia. Na kikubwa zaidi, hakuna kitu kinachojulikana cha kuisimamisha dunia ghafla namna hiyo bila kuivunjavunja kwanza. Ni sinema nzuri, basi.

Kambi ya pili ndo walinikamata. Wao wanasema isimame polepole, kidogokidogo, bila mtu kumwagikiwa. Dunia siyo duara kamili, kipenyo chake hapa ikweta ni kilomita 12,756 na toka ncha hadi ncha ni 12,714, yaani imevimba kiunoni kwa sababu inazunguka, na bahari nayo imevutwa kuja kiunoni hivyohivyo. Ondoa mzunguko, maji yanakosa cha kuyashikilia huku na yanarudi kwenye ncha. Mtaalamu wa ramani Witold Fraczek aliwahi kuchora ingekuwaje: bahari mbili tu, moja kaskazini moja kusini, na katikati mkanda mmoja wa nchi kavu umeizunguka dunia nzima. Kanada karibu yote chini ya maji, Urusi ya kaskazini chini ya maji. Sisi je? Maji kati ya Bagamoyo na Unguja hayana kina kirefu, hayo yangekauka mapema kabisa na mtu angeenda Zanzibar kwa mguu, afadhali hata kuliko boti kipindi cha kusi.

Wanashangilia hapo. Ila wamesahau kwamba hewa nayo ni kama maji, nayo inahama. Hewa nzito ingefuata bahari huko kwenye ncha na sisi tungebaki kwenye viwanja vyetu vipya tunahema kama watu waliopanda mlima mrefu bila maandalizi. Uzito wako pia ungepanda, siyo sana, mtu wa kilo 70 mizani ingemuonyesha kama robo kilo zaidi, maana sasa hivi mzunguko unatupunguzia kidogo.

Halafu mwanga. Dunia isiyojizungusha kabisa inabaki na siku moja kwa mwaka, miezi sita jua, miezi sita giza, na jua lenyewe lingechomoza magharibi. Nilipofika hapo mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema basi hiyo ni Kiyama, iliandikwa, tusiendelee kuhesabu. Sikubishana naye, ila hesabu inatoka hivyohivyo. Na saa zetu za Kiswahili zinazoanzia jua linapotoka, ukigawanya siku hiyo mara 24, saa moja inakuwa kama siku 15. Mtu akikwambia nipo njiani nakuja saa mbili, we kapande mchicha, utauvuna kabla hajafika.

Kwa hiyo mi niko na kambi ya pili nusu. Ardhi tungepata, maisha ya kuitumia sioni. Wapo wanaosema viumbe vinaweza kuishi kwenye ule mstari kati ya joto na baridi, hoja hiyo inatumika kwa sayari za nyota nyingine ambazo upande mmoja unaangalia jua lake muda wote, lakini kwetu mstari huo ungekuwa unahama, ungelazimika kuufuata mwaka mzima na familia na mbuzi.

Kitu ambacho kambi zote mbili hawakukigusa ni kwamba breki ipo na inafanya kazi hivi sasa. Ni maji kujaa na kupwa. Mwezi unavuta bahari, maji yanasugua chini, dunia inapungua kasi, siku inarefuka kama milisekunde 1.7, yaani chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde, kwa kila miaka 100, na mwezi unasogea mbali sentimita 3.8 kwa mwaka. Mwanasayansi John Wells mwaka 1963 alihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku kwenye matumbawe ya kale, akakuta karibu miaka milioni 400 iliyopita mwaka ulikuwa na siku kama 400, siku za saa 22 hivi. Kwa mwendo huo jua litachoka kabla dunia haijasimama.

Nenda Jambiani maji yakiwa yametoka utaiona breki yenyewe. Kina mama wa mwani wanashuka na kamba na vigingi, maji chini ya goti, na wanajua wana saa chache tu kabla hayajarudi. Dunia ingesimama, tufanye bahari haijahamia kwenye ncha, mwezi peke yake ungeyasukuma hayo maji taratibu sana, toka kujaa hadi kupwa karibu wiki nzima, na mwani ungekaukia juani siku zote hizo.