St Ives: nyumba 684, wakazi 270

Kila bei za nyumba zinapozungumzwa kuhusu St Ives, mji wa pwani ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, hukumu huwa imekwisha kutolewa: wakazi walipiga kura kuzuia nyumba za pili, yaani nyumba za likizo za watu wanaoishi kwingine, bei hazikushuka, basi kura yao ilikuwa kazi bure. Hukumu hiyo ina ushahidi wake, nami nitaufikia. Lakini inawapima watu wale kwa swali ambalo hawakuulizwa.

Tarehe 5 Mei 2016 waliulizwa kuhusu mpango wa maendeleo wa mji wao, wenye sharti moja lililozua mjadala: nyumba yoyote mpya iwe makazi makuu ya mtu anayeishi humo, awe mwenye nyumba au mpangaji, na si mahali pa kupumzikia majira ya joto. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walikubali. Kampuni moja ililipinga sharti hilo Mahakama Kuu na ikashindwa mwezi Novemba mwaka huohuo. Tangu hapo anayeingia katika nyumba mpya anaweza kutakiwa kuthibitisha kwamba anaishi humo kweli, kwa mfano kwa kuonyesha kuwa jina lake limo katika daftari la wapiga kura la hapo au kwamba amejiandikisha kwa daktari wa mji.

Takwimu zilizomo katika mpango huo zinastahili kutazamwa polepole. Kati ya mwaka 2001 na 2011 nyumba za eneo hilo ziliongezeka kwa 684, sawa na asilimia 16, kasi iliyokuwa mara mbili ya wastani wa England. Katika miaka hiyohiyo wakazi waliongezeka kwa 270, yaani asilimia 2.4 tu. Ni kama nyumba tano kwa kila wakazi wawili wapya. Mtu makini atasema kwamba familia za siku hizi ni ndogo, wazee wanabaki peke yao na vijana wanajitenga mapema, kwa hiyo nyumba zaidi huhitajika hata pale watu wasipoongezeka. Ni kweli, ila hoja hiyo haifiki mbali. Mpango unaeleza pia kwamba kufikia 2011 robo ya nyumba zote hazikuwa na kaya yenye makazi yake humo, na kwamba nyumba za namna hiyo zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 67 katika miaka 10. Ukizipigia hesabu asilimia hizo, unapata kwamba nyumba zisizo na mkazi ziliongezeka kwa takriban 500. Baadhi huenda zilikuwa tupu kwa sababu nyingine, na baadhi ni nyumba kuukuu zilizobadilisha mikono, lakini uwiano wenyewe unatisha: 684 kwa 500. Anayedai kwamba dawa ya bei ni kujenga tu ana kazi ya kuieleza miaka hiyo 10, kwa sababu mji ulijenga, tena ulijenga kuliko wengi.

Sura ya nyumba zenyewe inasimulia jambo hilohilo. Chini bandarini, katika mtaa wa kale uitwao Downalong, nyumba ni za mawe ya itale, zimebanana kwenye vichochoro vyembamba. Nyingi zilikuwa na ghala chini, ambamo sadini walishindiliwa kwa chumvi, na familia ikakaa juu, ikipanda kwa ngazi ya mawe iliyo nje. Maghala hayo yamegeuzwa vyumba, na kando ya mlango mara nyingi utaona kijisanduku chenye vitufe vya namba, ambamo mgeni wa wiki moja hutoa ufunguo bila kuonana na mtu yeyote. Nyumba za mlimani, zilizofuata baada ya reli kufika mwaka 1877, ni kubwa zaidi. Mitaa ya karibuni iko nyuma yake, mbali na maji.

Hoja ya upande wa pili haidharauliki. Mwenye fedha aliyezuiwa kununua nyumba mpya haendi zake, bali hugeukia ya zamani, na hapo nyumba za Downalong hugombaniwa zaidi. Mjenzi anayeona nyumba mpya itauzwa kwa bei pungufu anaweza kuhamishia mradi wake mji wa jirani. Na kwa kuwa nyumba za bei nafuu hugharimiwa kwa sehemu na faida ya zile za bei ya soko, nazo zitapungua. Nchini Uswisi, ambako kura ya Machi 2012 ilizuia nyumba mpya za pili katika manispaa ambamo nyumba za namna hiyo tayari zimevuka asilimia 20 ya nyumba zote, wachumi Christian Hilber na Olivier Schöni walikuta kwamba zuio lilishusha bei ya makazi makuu na kuzidisha ukosefu wa ajira. Na lipo jambo ambalo watetezi wa sharti hawapendi kulitaja: mkazi aliyekwisha kumiliki nyumba ya zamani alipiga kura ambayo huenda imempandishia thamani ya mali yake.

Hata hivyo, tazama jinsi lawama hizi zinavyopishana. Uswisi bei ya makazi makuu imeshuka, ikahesabiwa kuwa hasara. St Ives bei hazikushuka, ikahesabiwa kuwa kushindwa. Kwa muuguzi anayetafuta nyumba yake ya kwanza, nyumba ambayo mtu wa likizo haruhusiwi kuigombea ni nafuu kwa sababu ileile inayomkera mwekezaji. Suala la ajira ni zito zaidi, wala sina jibu jepesi, kwani fundi anayejenga nyumba za likizo naye ana watoto. Ila kazi hiyo huisha ardhi inapoisha, na ardhi iliyobanwa kati ya bahari na kilima haiongezeki.

Udhaifu wa kweli uko kwingine. Sharti haliigusi nyumba iliyokuwapo kabla yake, na kwa sheria ya England kugeuza makazi kuwa nyumba ya pili hakuhitaji kibali cha mipango miji. Tangu Aprili 2025 halmashauri ya Cornwall inatoza nyumba za pili kodi maradufu, lakini mwenye nyumba anayeipangisha kwa wageni usiku 70 kwa mwaka, na kuiweka wazi kwa kupangishwa usiku 140, huhesabiwa kuwa mfanyabiashara, na biashara ndogo inaweza kusamehewa kodi yote. Wales ilitenganisha mambo haya Oktoba 2022: makazi makuu ni aina moja, nyumba ya pili ni nyingine, ya kupangishwa wageni ni nyingine, na halmashauri ikiamua inaweza kudai kibali kabla ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Huko Downalong, nyumba ya mvuvi ikiuzwa leo, mnunuzi hahitaji kumweleza mtu yeyote kama atalala humo Januari.