Mama, wanawe na figo: kipimo cha kingamwili kiamue nini?

Mwanamke aliyezaa watoto watano akiambiwa kwamba figo zake zimeshindwa kazi, wa kwanza kujitolea aghalabu huwa mumewe na wanawe, na hao hao ndio ambao huenda mwili wake ulikwisha kujifunza kuwakataa. Kila mimba ilimkutanisha na alama za HLA, yaani protini za juu ya seli ambazo kinga huzitumia kutofautisha kilicho chake na kigeni, ambazo mtoto alizirithi kwa baba yake. Kinga ya mama ikizitambua kuwa ngeni hutengeneza kingamwili, yaani protini za kuzishambulia alama hizo, na kumbukumbu hiyo inaweza kubaki hata kingamwili zenyewe zikipungua hadi zisipimike. Kuongezewa damu, au kuwahi kupandikizwa kiungo, huleta hali ileile.

Hatari yake ilithibitishwa mwaka 1969, watafiti Patel na Terasaki walipochapisha matokeo ya wagonjwa 225 waliopandikizwa figo, ambao seramu yao (majimaji ya damu yasiyo na seli) ilichanganywa na seli nyeupe za wachangiaji wao. Kati ya wagonjwa 30 ambao seramu yao iliziua seli hizo, 24 walipoteza figo mpya mara moja. Kati ya 195 waliobaki, waliopoteza ni 8. Kipimo hicho, ambacho maabara hukiita krosimachi, hakuna daktari makini anayekibishia leo.

Kinachobishaniwa ni kipimo kilichokuja baadaye. Vishanga vya plastiki visivyoonekana kwa macho, kila aina ikiwa imepakwa protini yake ya HLA, huchanganywa na seramu ya mgonjwa. Kingamwili zikinasa, kishanga hung'aa kinapopigwa na leza, na mashine hutoa namba. Kipimo hiki hugundua kingamwili chache mno ambazo krosimachi ya kuua seli isingeziona. Basi mgonjwa ambaye krosimachi yake ni safi lakini vishanga vyake vinang'aa, azuiwe?

Wanaosema azuiwe wana hoja nzito. Kingamwili zinazomlenga mchangiaji huongeza uwezekano wa figo kushambuliwa na kudumu muda mfupi, na figo iliyotolewa na mtu mzima wa afya hairudishwi ikiharibika. Hata hivyo, namba ile si kipimo halisi cha wingi wa kingamwili, wala maabara zote hazijakubaliana ni wapi hatari inapoanzia. Wakati mwingine protini iliyo kwenye kishanga imeharibika umbo, ikanasa kingamwili ambazo zisingeigusa seli hai. Wakati mwingine ni kinyume chake: kingamwili huwa nyingi kiasi kwamba vijenzi vingine vya damu huzifunika, namba ikatoka ndogo, na seramu ikishazimuliwa namba hupanda badala ya kushuka. Anayesoma karatasi ya majibu bila kuyajua haya anaweza kukosea pande zote mbili.

Ushahidi wa matibabu nao umegawanyika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, uliofuatilia wagonjwa 1,025 katika vituo 22 waliopokea figo za watu hai wasioafikiana nao kwa HLA, ulionyesha kuwa baada ya miaka 8 asilimia 76.5 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 43.9 ya wenzao waliobaki kwenye foleni bila kupata figo. Mwaka uliofuata watafiti wa Uingereza waliangalia wagonjwa 213 wa aina hiyo, wasione faida ya uhai wala hasara. Tofauti hiyo naisoma hivi: thamani ya figo yenye hatari hutegemea maisha yanayomngoja mgonjwa akiikosa.

Ndiyo maana miongozo ya ng'ambo isichukuliwe kavukavu. Marekani, tangu Desemba 2014, mgonjwa mwenye kingamwili nyingi huongezewa alama ili apate kipaumbele cha figo za waliofariki, kwa hiyo kumwambia asubiri ni ushauri wenye maana. Tanzania, ambako upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, hutegemea ndugu walio hai. Mama akikataliwa figo ya mwanawe, wa kutazamwa ni ndugu zake wa baba na mama mmoja, kwa kuwa kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana naye kabisa kwa HLA. Baada ya hao, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu.

Kwa maoni yangu, krosimachi inayoua seli iendelee kufunga mlango, lakini namba ndogo ya vishanga iwe sababu ya kupima tena na kujadiliana na familia, isiwe hukumu. Namba hiyo pia isomwe pamoja na historia: mimba ngapi, zikiwemo zilizoharibika, na damu aliongezewa lini. Maswali hayo aulizwe mama akiwa peke yake, kwa sababu mbele ya mume na mama mkwe majibu hubadilika. Na anayesafishwa damu, upungufu wake wa damu utibiwe mapema kwa madini ya chuma na sindano za erithropoetini, homoni inayochochea mwili kutengeneza damu, chupa ya damu ibaki kwa dharura.