Kuacha mkate na chapati hakutoshi
Makala inasema mwenye siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, huumiza utumbo) aache mkate na chapati, basi. Hapana, haitoshi! Binti yangu alitibiwa minyoo na amiba miaka 2, tumbo limevimba, mikono kama vijiti, hadi daktari mmoja alipoagiza kipimo cha damu. Tukaacha ngano yote, bado akaharisha. Kumbe mashine tunayosagia mahindi ndiyo hiyo hiyo inayosaga ngano za watu. Sasa uwele wake nausaga nyumbani kwa blenda, na kikaango chake hakiguswi na chapati. Wazazi wenzangu, tafadhali msimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa. Kipimo kinatafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili wa mwenye siliaki hutengeneza anapokula gluteni, na akishaacha gluteni hizo hupungua, majibu yakaja kwamba hana kitu.